Vipepeo wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo moja kwa miaka saba. Leo naliandika, maana daktari ameanza kunisemesha kwa upole, na daktari akianza upole ujue mambo yamekwisha.

Vipepeo wa nyikani si wa nyikani. Ni wa chumba changu cha nyuma. Nawalea mimi. Kila mwaka nawapandisha kilimani ndani ya kikapu watu wakiwa bado wamelala, nawaachia, halafu naiandikia ofisi ya mazingira: wapo.

Haya, nimeandika. Dari haijaanguka.

Nyika yenyewe haina sura ya kumvutia mtu. Vichaka vya kufika gotini, mchanga, mawe, upepo. Watu wa kokoto wameimezea mate tangu nikiwa bado nafundisha. Kinachowazuia ni kipepeo wa buluu, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, asiyetaga mayai popote ila kwenye mmea mmoja unaotambaa chini. Kitabuni mmea huo una jina refu. Marehemu mke wangu aliuita mshikamchanga, nami nimeshindwa kuuita vinginevyo. Mvua ikija kwa wakati wake, unachipua, unatoa maua ya njano, viwavi wanakula. Mvua ikikawia hakuna chipukizi, na pasipo chipukizi hakuna kiwavi, wala kipepeo. Nilifundisha hilo darasani miaka nenda rudi. Na mwaka huu mvua imekawia.

Moyo unakwenda mbio na mimi nimekaa tu kitini.

Jumatano, 5 Machi

Joto! Bati la chumba cha nyuma linalia tangu asubuhi. Vyungu vya mshikamchanga dirishani vimechanua kwa sababu navinywesha mwenyewe. Vifukofuko vilivyoning'inia kwenye vijiti vimeanza kuwa vyeusi. Maana yake mabawa yamekomaa ndani na siku yoyote watatoka. Mapema mno! Bati linawadanganya. Humu ndani msimu wa mvua umeshafika, huko juu bado ni kiangazi. Wakitoka sasa nitawapeleka wapi? Jike atataga kwenye kijiti kikavu, kiwavi ataanguliwa akutane na meza tupu.

Binti yangu amepita na ndoo, akasimama mlangoni akinusa. Ni mshonaji, amehamia hapa na cherehani yake tangu nilipoanguka bafuni. Amesema ukuta una unyevu na unyevu ndio utakaonimaliza. "Baba, unakohoa kama pikipiki mbovu, halafu unalala ukuta mmoja na bustani!" Anadhani vyungu ni kumbukumbu ya mama yake tu. Chandarua kilichofunika vifukofuko anadhani ni cha kuzuia mbu. Mwisho wa mwezi anataka kunihamishia kwake. Nikauliza, na vyungu? Akasema vyungu vitapata mwenyewe.

Vitapata mwenyewe. Nani?

Alhamisi, 6 Machi

Simu kutoka ofisi ya mazingira. Ni yule afisa aliyekuwa mwanafunzi wangu, msichana wa dawati la mbele aliyekuwa akiuliza maswali mpaka kengele inalia. Sasa ni mtu mzima na ana sauti ya kiofisi. Jirani yangu, fundi bomba, anamwita Mama Mabuti, kwa kuwa hata siku ya jua kali huja na mabuti ya mpira.

"Shikamoo Mwalimu. Nasikia hali si nzuri."

Nikasema hali ni ya uzee tu.

Basi mwaka huu hataki nijisumbue. Atakuja Ijumaa ijayo, tarehe kumi na nne, apite yeye mwenyewe njia yangu, ile ninayoipita kila mwaka kuhesabu vipepeo, na kuona kwa macho yake. Watu wa kokoto wameleta maombi mapya. Nikashikilia kiti. Akanituliza: hawaombi upande wa njia, upande wa vipepeo. Wanaomba upande wa nyuma wa kilima tu. "Na huko hakuna ubishi, Mwalimu. Wewe mwenyewe umeandika kila mwaka: upande wa nyuma, hakuna."

Nikashusha pumzi. Kweli, niliandika. Wachukue upande wa nyuma, watuachie wa mbele.

Lakini Ijumaa atapita njia yangu. Na vipepeo wangu wako chini ya chandarua.

Ijumaa, 7 Machi

Wawili wametoka. Mabawa bado yamekunjamana kama kitambaa kilichotolewa mfukoni. Nimewakalia karibu mpaka yakanyooka. Kila mwaka nikiwaona nasahau kuogopa, dakika chache.

Baadaye hofu ikarudi na ndugu zake.

Jumapili, 9 Machi

Wamejaa chandaruani. Nawawekea pamba yenye maji ya sukari. Nje, hata wingu la kuombea msaada hakuna.

Nieleze ilivyoanza, maana nikiacha katikati nitakuwa nimeungama nusu.

Ulikuwa mwaka wa ukame ule mkubwa. Mke wangu alikuwa tayari mgonjwa lakini bado anatembea. Tulipanda kilimani tukakuta mshikamchanga umekuwa nyuzi. Chini ya nyuzi hizo, kwenye shina, viwavi wachache, na sisimizi wakiwazunguka. Wadudu hawa wana urafiki: kiwavi anatoa umajimaji mtamu, sisimizi anamlinda. Hata sisimizi walionekana kuchoka. Mke wangu akapiga magoti kwenye mchanga. Akasema, tuwachukue. Nikamwambia kitaalamu haifai. Akasema utaalamu wako ukae hapo na watoto wafe njaa? Tukawachukua wote, na mashina yao, na sisimizi kadhaa waliokataa kuachana nao.

Akawalea yeye. Kitanda chake kikahamia chumba cha nyuma. Wa kwanza alipotoka, alitua kwenye shuka lake, juu ya goti. Mke wangu hakujikuna wala kukohoa mpaka aliporuka. Nikamwambia: hawa ndio wa mwisho wa nyika hii, na aliyewaokoa ni wewe. Akacheka. Akasema, basi sijaja duniani kuosha masufuria tu.

Alifariki kabla mvua haijanyesha. Mvua ilipokuja nilipanda peke yangu, nikatafuta njiani pote, upande wa mbele, kijiti kwa kijiti. Mshikamchanga ulikuwa umechipua upya kutoka mizizini. Kipepeo, hakuna hata mmoja. Nikarudi nyumbani, nikachukua kikapu.

Hivyo ndivyo uongo wangu ulivyozaliwa. Haukuwa na sura mbaya siku ya kuzaliwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia binti yangu. Sikuwa na njia nyingine: magoti hayanipandishi tena, na Ijumaa inakuja. Nilimwita chumba cha nyuma, nikafunua chandarua. Wakatawanyika ndani kama cheche za buluu. Akaziba mdomo.

"Mama alikuwa na hawa?"

Nikasema hawa ni vizazi vya wale wa mama.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawatazama muda mrefu, usoni ametulia kama alivyokuwa mtoto. Nikadhani nimempata. Nikamweleza yote — kikapu, taarifa, ofisi. Nikamwomba apande nao kesho kutwa alfajiri, awaachie kwenye kona ya tatu ya njia, pale penye jiwe la kukalia.

Uso ukabadilika.

"Baba. Mimi nitakupikia, nitakuogesha, usiku nitaamka mara kumi. Lakini unataka nibebe uongo kwenye kikapu?"

Nikasema si uongo, ni vipepeo. Ni wanyama hai, utawagusa.

"Vipepeo ni kweli. Uongo ni pale unapoandika wametoka wapi."

Huyu mtoto nilimsomesha mwenyewe. Sasa ananisomesha.

Akatoka. Cherehani ikalia mpaka jioni, kwa hasira, kama inashona magunia.

Jumatano, 12 Machi

Mvua!

Ilianza saa nane mchana. Kwanza upepo, vumbi, milango ya mtaa mzima ikijigonga, halafu bati likaanza kupigwa kama ngoma ya watu wasiojua kupiga. Nilisimama dirishani mpaka binti akanikemea. Nilitaka kulia. Mshikamchanga utachipua! Siku mbili tatu tu mizizi ikionja maji inasukuma chipukizi.

Lakini ilizidi. Ikapita kunyesha, ikawa inamwaga. Mvua ya namna hii hailishi mimea midogo, inaing'oa. Nimekaa nikiwaza mchanga wa kilimani unavyoteremka na kila kilichoushika. Usiombe mvua bila kutaja kipimo, mke wangu alikuwa akisema.

Wale chandaruani wametulia mabawa yamefungwa. Wawili wamekufa sakafuni mwa chungu. Ni wazee kama mimi. Maisha yao ni wiki moja, siku kumi na mbili kwa mwenye bahati.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya la aibu. Binti alipokwenda sokoni kununua nyuzi nilimwita jirani, yule fundi bomba. Tumetaniana ukutani miaka ishirini. Mimi ananiita Mzee Mabawa. Nikampa kikapu kilichofunikwa kitambaa, nikamwambia awafikishe kwenye jiwe la kukalia, afunue, arudi. Nikampa na sababu nusunusu.

Akainua kikapu, akakipima kwa mkono. "Chepesi hivi? Mzee Mabawa, nilidhani urithi umefika. Wadudu wako wana chumba chao peke yao, mimi nalala chumba kimoja na mama watoto na wajukuu. Nikizaliwa tena nitakuwa kiwavi."

Nikamwambia akimbie kabla binti hajarudi.

"Unamwogopa mtoto wako?"

"Nawe humwogopi wako?"

"Naam, hapo umesema." Akaondoka.

 Nilikaa barazani na saa mkononi. Alirudi amejaa tope hadi kiunoni, kiatu kimoja hana, kikapu amekishika juu ya kichwa kama mtungi.

"Abiria wako wote wapo," akasema. "Gari limekosa barabara."

Njia yangu haipo. Mvua imechimba korongo pale penye kona ya kwanza, upande mzima wa mbele umeteremka. Mchanga mtupu, anasema, umekwanguka kama kichwa kilichonyolewa. Nikauliza mmea wa chini, wa kutambaa, maua ya njano? Akacheka kwa huruma. Mzee Mabawa, akasema, pale hata jiwe lako la kukalia limehama.

Binti akamkuta langoni akipangusa tope. Akatazama kikapu. Akanitazama. Akaenda kuchemsha maji ya kumpa jirani aoge miguu. Ningependa angenifokea.

Basi yamekwisha. Kesho Mama Mabuti atakuta mchanga. Ataandika hakuna, safari hii kwa haki, na watu wa kokoto watachukua mbele na nyuma. Wa kulaumiwa itakuwa mvua. Nimejikuta nafarijika na hilo, nikaona haya.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi.

Alikuja mapema, na mabuti. Amenenepa, ana mvi mbili tatu mbele. Alinishika mikono yote miwili. Nikamwambia njia imekatika, asiende, atavunjika mguu bure. Nilisema haraka mno. Akasema hakuna shida, atazungukia nyuma, kutoka barabara ya machimbo ya zamani, halafu avuke juu ya mgongo wa kilima aje aone hasara ya upande wa mbele. Binti akavua aproni. "Nakwenda naye," akasema, akiniangalia mimi badala ya yeye.

Upande wa nyuma. Nimejilaza, nimeamka. Nimenywesha vyungu mara mbili, vinaogelea.

Adhuhuri.

Hawajarudi. Jirani amepita ukutani, akaniuliza kama nimekufa au bado. Nikamwambia bado. Akasema vizuri, kiatu changu kimoja nakudai ukiwa hai.  Akaniangalia usoni, akasimama tu pale ukutani, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi.

Alasiri.

Wamerudi. Naandikia chumba cha nyuma. Nimewaambia natafuta miwani. Miwani iko usoni.

Niandike kwa mpango. 

Binti aliingia wa kwanza, magoti yake yana mchanga — magoti yote mawili, kama ya mama yake siku ile. Akapiga goti mbele ya kiti changu, akanifungulia simu. Picha. Mwamba mkubwa wenye ukungu wa kuvu, na kivulini mwake mshikamchanga umetanda kama mkeka, majani mabichi, maua. Picha ya pili: mayai, meupe, madogo kama chumvi, chini ya jani. Picha ya tatu sikuhitaji kuelezwa. Buluu.

"Wamejaa, Baba," akanong'ona. "Wamejaa! Tulikuwa tunaogopa kukanyaga."

Nikageuza shingo kutazama chandarua. Wangu wote wamo. Hata mmoja hajatoka nyumba hii mwaka huu. Na hizo chipukizi si za mvua ya juzi; mmea hautandi hivyo kwa siku mbili. Ule upande umepewa kivuli na mwamba, jua haliuoni mpaka saa sita, umande haukauki. Hata mwaka wa ukame ule haukukauka. Mwalimu wa sayansi hahitaji kupanda kilima kujua hilo. Nililifundisha. Nilichora ubaoni, kilima na jua, nikawauliza watoto: upande upi utabaki na unyevu? Na msichana wa dawati la mbele alijibu sawasawa.

Yeye mwenyewe alibaki amesimama, mabuti yanachuruzika tope kwenye zulia. Hakuonyesha furaha. Akaniambia vigingi vya watu wa kokoto vimeshapigwa huko nyuma, vyekundu, kimoja kimepita katikati ya mkeka ule wa majani. Kibali kinasainiwa Jumatatu. Kimetegemea karatasi zangu. Anaweza kukizuia leo, kabla ofisi haijafungwa, lakini mkubwa wake atamuuliza swali moja tu, nalo lazima alijibu: kwa nini taarifa za miaka saba zinasema hakuna?

"Mwalimu, nikisema ulikosea, watasema hata mimi leo nimekosea. Watataka mtu mwingine aje ahakiki, na Jumatatu itapita." Sauti ya kiofisi ikamtoka, ikabaki ile ya darasani. "Upande ule uliutembea? Maana ulitufundisha wewe: usichokiona, usikiandike."

Nikasema magoti. Nikasema njia ya nyuma ni mbaya kwa mzee. Akaitika kwa heshima, akaandika. Binti akaniondolea macho, akayapeleka dirishani.

Ndipo nikadai miwani.

Wananisubiri sebuleni. Nasikia kijiko kikizunguka kikombeni, kimekwisha koroga zamani. Binti amebisha mlango. "Baba, ofisi inafunga saa kumi." Hajaingia. Kivuli cha miguu yake kiko chini ya mlango.

Nitakwenda kusema. Niliandike kwanza hapa, nione kama linasemeka.

Magoti yalikuwa mazima. Mwaka ule wa mvua ya kwanza, baada ya mazishi, nilipokosa kipepeo upande wa mbele, nilipanda hadi mgongoni mwa kilima. Nilisimama juu kabisa. Chini yangu upande wa nyuma niliuona mwamba na kivuli chake, na rangi ya kijani. Hatua chache za kuteremka. Upepo ulikuwa unatoka kule. Nikakumbuka nilivyomwambia mke wangu: hawa ndio wa mwisho, na aliyewaokoa ni wewe. Nikageuka, nikarudi nyumbani, nikachukua kikapu.

Sikuogopa kuwakosa. Niliogopa kuwakuta.